Nikikata Kulia, Linakwenda Kushoto

Nimekwisha kukiri mengi katika hadithi hii, lakini la leo nililipeleka kwanza kwa padri kabla sijalileta kwenu. Padri alicheka. Nikamuuliza kama kicheko ni sehemu ya malipizi. Akasema hapana, akaniomba radhi, kisha akacheka tena.

Kwa asiyekuwepo wiki zilizopita: mimi ni Mukashema, mjane wa Frederick Kagabo, muuza samani. Nanunua vitanda na makabati kwa mafundi wa Agakiriro kule Gisozi, nawapelekea wateja kwa Landrova ndefu ya mwaka 1974. Ndiyo ile marehemu aliyoiendesha kutoka Karagwe mwaka tuliorudi nyumbani, mimi kando yake, Kirezi wetu akiwa mapajani, masufuria yakigongana nyuma njia nzima.

Landrova hiyo ilizaliwa na usukani kulia, kama magari yote ya Tanzania. Hapa Rwanda tunapita upande wa pili wa barabara, na usukani mahali pake ni kushoto. Miaka mingi mimi na wakaguzi tulivumiliana. Mwaka huu nikaambiwa uvumilivu umekwisha. Usukani uhame, au gari lilale.

Shemeji yangu Nizeyimana, mdogo wa marehemu, akaona lilale. Alikwisha kumpata mnunuzi, bwana mmoja anaitwa Conrad, mwenye hoteli. Conrad hataki itembee. Anataka kuitoa injini, kuiegesha mbele ya hoteli yake na kupanda maua ndani ya boneti, ili wageni wapige picha.

Maua ndani ya boneti ya Kagabo.

Neno likafika kwa Shangazi Twizeyimana, dada mkubwa wa baba mkwe wangu. Katika ukoo wetu shangazi akishasema, wengine hutafuta kofia zao. Akasema hivi: "Jumamosi saa sita mchana nitakuja mwenyewe. Nikikuta Landrova inatembea na usukani wake uko kushoto, inabaki kwa mkamwana wangu. Nikikuta vinginevyo, Conrad alete maua yake."

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa nisikilizeni.

Ijumaa jioni, katika gereji ya fundi Bayingana pale Kimisagara, ilibaki kazi ya saa nne. Pedali zilikwisha kuhama. Dashibodi ilikwisha kuhama. Waliotengeneza gari lile walikuwa watu wa akili, bati la mbele wamelitoboa pande zote mbili, na matundu ya upande usiotumika wakayafunika kwa kibati. Unafungua huku, unafunika kule, kama kuhamisha droo. Kilichobaki ni vyuma vya chini vinavyounganisha usukani na magurudumu.

"Kesho tuanze saa moja asubuhi," nikamwambia Bayingana. "Saa tano tumemaliza, saa nzima inabaki ya kuosha gari."

Bayingana ni mtu mkubwa, mpole, aliyekulia Mbarara kule Uganda. Aliweka spana chini.

"Mama Kirezi, kesho iko Jumamosi ya ngapi?"

"Ya mwisho," nikasema, na nilipolitamka ndipo nikalisikia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano nchi nzima inashika jembe. Gereji hazifunguliwi, magari hayatembei. Nilikuwa nimefunga siku tatu kuiombea Jumamosi hiyo, na katika siku zote tatu sikuitazama kalenda.

"Basi tufanye usiku," nikasema.

"Usiku mimi iko nalala," akasema Bayingana. "Mtu ya usingizi akifunga breki, wewe utapanda?"

Tukapatana tuanze alfajiri.

Tukafanya kazi tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, ukabaki mkono mmoja tu wa chuma, kisha tukaenda mtaroni. Mtaa mzima ulikuwa unazibua mtaro wa maji ya mvua, na mimi nikajipenyeza karibu na Bayingana ili kazi yetu iendelee kwa mdomo.

"Ule mkono wa usukani," akaniuliza huku akitupa udongo, "tutaufunga unaangalia nje ama ndani?"

"Kama mchoro unavyosema."

"Mchoro iko wako, Mama. Mimi nilitaka kupigia mzee mmoja wa Mbarara. Yeye amehamisha Landrova tatu."

"Mpigie basi."

"Nimepiga mara nne. Hashiki."

"Tutafuata mchoro."

Sina budi kuwaambia kuhusu mchoro huo, maana ndipo ubaya ulipoanzia, na ulianzia kwenye kitu kizuri. Pale Agakiriro, fundi anayetengeneza kabati la milango miwili hachori milango miwili. Anachora mmoja, wa kulia. Kisha anageuza karatasi, anaiweka dirishani jua lipite, na ule mstari unaoonekana upande wa nyuma ndio mlango wa kushoto. Haujawahi kukosea. Nimewaona wakifanya hivyo miaka kumi na tano.

Kwa hiyo kabla hatujafungua hata bolti moja upande wa kulia, nilichora kila chuma katika daftari langu la masomo ya jioni. Nikageuza karatasi. Nikaiweka dirishani. Bayingana alinisifu, akasema hata chuo hawachori vile. Nami nilipokea sifa hizo zote, sikumwachia Mungu hata moja.

Saa tano ikapigwa filimbi. Watu wakaenda kwenye mkutano wa mtaa. Sisi tukakimbia na matope yetu.

Tulifanya kazi kama watu wanaozima moto. Bayingana chini ya gari, mimi nikimpa spana na kumsomea daftari. Mkono ule ni kipande cha chuma kirefu kama mguu wa kuku, na kazi yake ni kuchukua anachosema dereva na kukipeleka kwa magurudumu. Mchoro ulisema uangalie nje. Ukaangalia nje.

Saa tano na dakika thelathini na tano akajitoa chini ya gari.

"Panda, Mama. Iko yako."

Nilipanda kwa mlango wa kushoto. Miaka yote niliyoiendesha tangu Kagabo afariki, mkono wangu wa kushoto ndio uliojua gia. Sasa ukawa hauna kazi, na wa kulia ukapapasa kama mgeni anayetafuta swichi ukutani. Nikafanya ishara ya msalaba. Landrova ikakohoa, ikashika, ikanguruma, nami nikahisi machozi yanakuja.

"Twende pole pole," akasema Bayingana. "Kata kushoto."

Nikakata kushoto. Landrova ikaenda kulia, ikaegemea rundo la matairi.

"Mama, nilisema kushoto."

"Nimekata kushoto."

"Wewe iko unashika kushoto ya zamani ama ya leo?"

"Fundi, kushoto ni moja tu tangu Mungu aumbe mikono."

Akaniomba nishuke, akapanda yeye. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akakata kulia kwa utulivu wa mwalimu. Landrova ikaenda kushoto, ikasukuma pipa la maji hadi ukutani. Bayingana akazima. Akashuka. Akalala chini ya gari, nikamsikia anaguna peke yake kwa muda.

"Leta ile daftari," akasema.

Nikampa. Akaitazama kwa mbele, akaitazama kwa nyuma, akanirudishia.

"Kila kitu tumegeuza kama mlango wa kabati," akasema. "Lakini lile sanduku ya usukani iko ile ile ya zamani, tumehamisha tu. Nyuzi za skrubu ya ndani yake hazikugeuzwa na karatasi. Sanduku iko ya kulia, mkono iko wa kushoto. Wewe unasema ndiyo, yeye anapeleka hapana."

"Dawa yake?"

"Kugeuza mkono uangalie ndani. Nusu saa, kama bolti iko na huruma."

Nikatazama saa. Saa sita kasoro dakika ishirini. Nusu saa yenye huruma ingetufikisha saa sita na dakika kumi, na Shangazi, ambaye inasemekana alichelewa hata harusi yake mwenyewe, asingefika kabla ya saa saba. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya uchelewaji wa wazee.

Honi ikalia getini.

Lilikuwa gari la Conrad, jipya, jeupe. Conrad akashuka na mkanda wa kupimia kiunoni, kama mtu aliyekuja kuchukua vipimo vya jeneza. Nizeyimana akashuka na suti. Na Shangazi Twizeyimana akashuka, miaka themanini na mmoja, kitenge kipya, mkoba kwapani, robo saa kabla ya wakati.

"Shemeji," akasema Nizeyimana, "naona siku hizi unapaka grisi badala ya poda."

"Karibu, shemeji. Umuganda hatukukuona."

"Nilikuwa na kikao."

"Na nani? Majembe yote yalikuwa huku."

Shangazi hakutusikiliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye Landrova, akaingiza kichwa dirishani, akaushika usukani upande wa kushoto.

"Umehama kweli," akasema. "Kagabo angekuja kuuona hata kwa miguu. Haya, itembee."

Hapo, wapendwa, ndipo nilipopaswa kusema: Shangazi, bado. Neno lenyewe lina herufi nne. Mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Nitaiendesha mimi," akasema Nizeyimana. "Mimi ni damu ya marehemu. Isije ikasemwa kesho kwamba tulimwonea mjane. Niende nayo mwenyewe, nione kama ni gari au ni banda la kuku."

Akanyoosha mkono akitaka ufunguo.

Bayingana alinitazama. Naye alikuwa amefungua mdomo. Ndipo nikainua mguu wangu na kukikanyaga kiatu chake, pole pole, kama mtu anayekanyaga klachi. Akafunga mdomo.

Nikampa shemeji ufunguo.

Na nikaomba. Nikasema moyoni: Bwana, usimwumize, mtie aibu kidogo tu. Ndilo neno lililomchekesha padri. Aliniambia sala ya namna hiyo Mungu huijibu haraka sana, ili mtu asiirudie.

Nizeyimana alipanda kwa madaha. Akarekebisha kioo, akajitazama, akarekebisha tai. Akaanza kwenda.

Sasa, upande wa kushoto wa uwanja, chini ya turubai, lilisimama kabati la milango mitatu. Lilikuwa langu, tulilishusha pale Landrova ilipoingia gereji. Mteja wangu Umuhoza alikuwa alichukue Jumatatu. Nizeyimana aliliona vizuri kabisa, akaamua kulipita kwa mbali. Akakata kulia kidogo.

Landrova ikasogea kushoto kidogo.

Akakata kulia zaidi. Landrova ikasogea kushoto zaidi. Kadiri alivyolikwepa ndivyo alivyolifuata. Nilimwona usoni jinsi alivyoshangaa, halafu akakasirika, kisha akautilia usukani nguvu zake zote, kulia, kulia, kulia, na Landrova ya ndugu yake ikaenda kwa heshima zote hadi kwenye kabati langu na kuingia mlango wa katikati.

Mlango wa kushoto ukaanguka juu ya boneti. Wa kulia ukafunguka wenyewe, ukabembea. Injini ikazima.

Kisha Nizeyimana akatoka, mzima, vumbi la mbao begani.

"Gari hili lina pepo," akasema.

"Mimi halinisumbui," akasema Conrad. "Maua hayajali pepo."

Nami nilikuwa nikitazama kabati langu. Sala yangu ilijibiwa kwa mbao zangu mwenyewe.

Wanaume wakaisukuma Landrova nyuma hadi katikati ya uwanja, pua ikielekea geti, magurudumu yakiwa yamenyooka. Shangazi akaletewa kigoda, akaketi mbele ya mabaki ya kabati kama hakimu. Akaufungua mkoba, akatoa leso, akaufunga.

"Mkamwana."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nizeyimana ni mwanangu. Nimemwona akizaliwa, nimemwona akianguka kwenye ng'ombe, kwenye baiskeli na kwenye mtihani. Lakini leo nilimwona akikata kulia, na gari likaenda kushoto. Je, ulijua?"

Nikamtafuta Bayingana kwa macho, anisaidie hata kwa kikohozi. Hakuwepo. Nikajisemea amekimbia aibu, nikamwonea wivu.

Ningeweza kusema sikujua. Mkanyagwa hayupo, na kiatu hakisemi. Lakini mjane akisema uongo mbele ya shangazi wa mume wake, anausema mbele ya mume wake.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Dakika chache kabla hamjafika."

"Na ukampa ufunguo."

"Nilimpa."

"Mmesikia," akasema Nizeyimana. "Alitaka kuniua."

"Kwa mwendo ule," akasema Shangazi, "ungekufa Jumatano. Kaa chini."

Akakaa. Shangazi akanigeukia tena, na sikuweza kusoma uso wake.

"Kwa kunyamaza kwako utatoa icyiru. Ile pombe ya faini, mbele ya ukoo wote, umwombe radhi shemeji yako na mnywe kwa mrija mmoja. Unakubali?"

"Nakubali, Shangazi."

"Hilo ni la watu. La gari ni jingine. Gari linatembea?"

"Linatembea, lakini..."

"Usukani uko kushoto?"

"Uko kushoto, Shangazi, lakini..."

"Mimi sikusema litii. Nilisema litembee."

Nizeyimana akainuka tena. "Shangazi, kwa heshima yako, gari lisilotii usukani si gari. Hata mtumbwi una adabu kuliko hili. Bwana Conrad amepoteza siku yake."

"Sina haraka," akasema Conrad, naye alikuwa anapima upana wa boneti.

Shangazi akafikiri. Nje ya geti, watu waliotoka kwenye mkutano wa umuganda walikuwa wamesikia kishindo cha kabati, wakaanza kukusanyika na majembe yao mabegani.

"Ugomvi huu ni wa usukani," akasema mwishowe, "basi usukani wenyewe uamue. Anayeijua kasoro yake ataiendesha, nami nitakaa kando yake. Usukani ukivuka mstari wa geti kabla gari halijasimama, Landrova ni yake, na ukoo hautalizungumza tena. Gari likisimama kabla usukani haujavuka, Conrad alibebe leo hii. Nizeyimana?"

"Nakubali," akasema, haraka mno.

"Mkamwana?"

Nikatazama geti. Lilikuwa wazi, mbele moja kwa moja, hatua kama kumi na tano. Hakuna kona. Likipinda kulia, nami nikate kulia. Likipinda kushoto, nikate kushoto. Kinyume tu, kama kuongea na Nizeyimana.

"Nakubali."

Shangazi akapandishwa upande wa kulia. Akaweka mkoba mapajani, akatafuta mahali pa kushika, akashika goti langu.

"Karagwe nilikaa huku hivi hivi," akasema, "ila usukani ulikuwa mbele yangu, na ndugu yangu, baba yake Kagabo, hakutaka niuguse. Washa."

Nikasema Baba Yetu moja, nzima, bila kuruka mstari. Nikawasha. Nikaachia klachi.

Landrova ikaondoka vizuri. Hatua tatu, hatua tano. Watu wa nje wakaanza kupiga makofi. Kisha pua ikaanza kusogea kulia, kidogo tu, kuelekea nguzo. Nikakumbuka kinyume changu. Nikakata kulia ili iende kushoto.

Usukani ukazunguka mzunguko mzima.

Nikaurudisha. Ukazunguka tena, mwepesi kama sahani inayooshwa. Landrova haikujali hata kidogo. Haikutii na haikukataa. Ilikwenda tu.

"Mbona unauchezea?" akauliza Shangazi.

Nikageuza shingo. Kwenye mlango wa stoo alikuwa amesimama Bayingana, kitambaa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika kile kipande cha chuma kirefu kama mguu wa kuku, kimefutwa, kinang'aa. Hakukimbia aibu, mtu wa watu. Wakati sisi tuko kwenye kesi, yeye aliingia chini ya gari, akakifungua akigeuze, akaenda stoo kukisafisha. Alitutazama tukipita. Akakitazama chuma mkononi mwake. Akakaa chini palepale.

Nilikuwa naendesha gari lisilounganishwa na kitu chochote.

Mungu peke yake ndiye aliyeipitisha kati ya zile nguzo. Nilisikia nguzo ya kulia ikisema *krrr* kwenye bati, boneti ikatoka nje, na mbele ya boneti nikaona kofia, majembe, koleo, mama mmoja na ndoo kichwani. Walikuwa wamesogea kuangalia. Kidogo tu zaidi usukani ungevuka. Kidogo tu zaidi ningekuwa katikati yao.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Breki za Bayingana zilikuwa nzuri. Landrova ikasimama papo hapo, mkoba wa Shangazi ukaruka dashibodini, injini ikazima.

"Imesimama ndani," akapaza sauti Nizeyimana kutoka nyuma.

"Iko nje," akajibu mtu mwenye koleo. "Wewe huoni pua?"

"Pua si usukani."

"Wewe ulikuwa wapi asubuhi, na hiyo suti yako?"

Kila mtu akawa na maoni. Conrad akatoa mkanda wake wa kupimia, ukakataliwa, kwa kuwa ni wa mnunuzi. Mama wa ndoo akasema gari ni pale dereva anapokaa. Mwingine akasema ni pale magurudumu yalipo, na magurudumu ya mbele yalikuwa nje.

"Kimya," akasema Shangazi.

Majembe yakashushwa mabegani.

"Mtu asiiguse Landrova. Mkamwana, usishuke. Leteni kamba."

Ikaletwa ile waliyonyooshea mtaro asubuhi, bado ina tope. Conrad akashika ncha moja kwenye nguzo ya kushoto. Bayingana, macho mekundu, akashika ncha ya pili kwenye nguzo ya kulia, chuma chake kwapani. Kamba ikapitishwa dirishani kwa Shangazi, ikapita mbele ya kifua chake, ikapita mbele yangu, ikatokea dirishani kwangu.

Nizeyimana akajaribu kuchungulia. Madirisha ya Landrova ya zamani hufunguka nusu tu, na nusu iliyofunguka ilikuwa imejaa Shangazi. Shangazi akamsukuma paji la uso kwa kidole kimoja.

"Macho yangu hayaoni uzi," akaniambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Wewe ndiye uliyekaa mbele yake. Tuambie. Usukani umeivuka kamba, au haujaivuka?"

Watu wote wakaniangalia. Hakuna aliyeweza kuona isipokuwa mimi.

Nikaangalia chini.

Kamba ilikuwa mbele ya usukani, upande wa kioo. Usukani ulikuwa bado ndani. Ulikosa kuvuka kwa upana wa kidole gumba.

Na kamba ilikuwa imelegea. Conrad hakuwa na mkono wa kuvuta kamba. Kidole kimoja chini yake, kuiinua, kuirusha juu ya usukani na kuilaza upande wa kifua changu, halafu ningesema umevuka, na Nizeyimana angeingiza kichwa na kuona kweli umevuka. Kagabo asingeoteshwa maua.

Mkono wangu wa kulia uliachia gia. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, taratibu, kama ulivyokwenda mguu wangu kwenye kiatu cha Bayingana.

Shangazi akauona. Huyo ambaye macho yake hayaoni uzi, akakitazama kidole changu chini ya kamba, akanitazama mimi. Akaniinamia sikioni.

"Mkamwana," akanong'ona, "mimi maua siyapendi."

Kisha akanyooka kitini, akaelekeza uso mbele kwa watu wote wenye majembe, na akafumba macho.